Maji ya Ruvu na Milima Yetu ya Uluguru



Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tunalipa ankara ya maji kila mwezi bila kuuliza maji yametoka wapi. Sehemu kubwa yametoka Mto Ruvu, na Ruvu inaanzia kwetu. Pepo za Bahari ya Hindi hubeba unyevu hadi upande wa mashariki wa milima, Kinole na Matombo. Mvua inanyesha, msitu unaipokea na kuitoa polepole mpaka kiangazi. Ndiyo maana Kinole kuna ndizi na viungo wakati bondeni kumekauka.

Mpaka wa msitu hatukuuweka sisi. Wajerumani waliutenga mwaka 1909. Waingereza nao, miaka ya 1950, walitaka kila kaya ichimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jema (sisi wahasibu tunazijua hesabu za namna hiyo). Lakini kwenye miteremko yetu udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba tuta unaufukia, unaleta juu udongo usiozaa. Na waliochimba wengi walikuwa mama na bibi zetu, katika nchi ambayo ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukaachwa. Wazee wale hawakuichukia milima, walikataa kuamriwa.

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya wakoloni. Pale Bunduki, msitu wa kaskazini na wa kusini ulikuwa umeungana. Tuliukata wenyewe kwa mashamba, ukabaki vipande viwili. Humo anaishi ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, asiyepatikana popote duniani ila Uluguru. Mwaka 2008 Serikali iliunganisha misitu hiyo kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, lakini tangazo halioti miti.

Michango ya mwaka huu itakwenda kwenye vitalu vya miche vya vijiji vinavyopakana na hifadhi. Aina ya miti watachagua wanakijiji wenyewe, akina mama wakiwa mbele. Hesabu tutaisoma kwenye mkutano mkuu, stakabadhi zikiwa mezani.