Ewart Grogan na Ufuo wa Mbaraki

Ukingo wa Mbaraki mjini Mombasa, unaoonekana ng'ambo ya Likoni, uliwahi kumilikiwa na Ewart Scott Grogan (1874–1967), Mwingereza aliyepigana katika vita vya Wamatabele mwaka 1896, akavuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo, safari iliyompa sifa yeye ilhali mizigo ilibebwa na wapagazi, kisha akahamia Kenya mwaka 1904. Hapo Mbaraki alijipatia ardhi penye maji ya kina kirefu na kujengesha gati, yaani mahali meli hufungwa ubavuni mwa nchi kavu, wakati ambapo shehena nyingi ya bandari ya Kilindini bado ilipakuliwa kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo. Baadaye serikali ya koloni ililinunua gati hilo.

Mwezi Machi 1907, Grogan, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, yaani Wazungu waliohamia kumiliki ardhi, aliongoza wenzake kuwachapa viboko hadharani Waafrika wavuta riksho mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa mwezi mmoja tu, na kosa hilo halikumzuia kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, ambalo halikuwa na mjumbe Mwafrika hadi mwaka 1944. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alitumikia upelelezi wa Waingereza na kuwa kiungo chao kwa Wabelgiji wa Kongo. Mashamba yake makubwa ya mkonge yalikuwa Taveta, ambako kasri lake lingali kilimani.