Nani Aliyeona? Funzo Lililotoka Katika Ukungu wa Tenerife

Juma hili twapenda kuwapeleka mbali kidogo, hadi Tenerife, kimojawapo cha Visiwa vya Kanari vya Hispania, katika Bahari ya Atlantiki. Jioni ya tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, ndege mbili kubwa za aina ya Boeing 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia, na watu 583 wakapoteza maisha. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Hatuisimulii ili kumtisha msafiri yeyote. Twaisimulia kwa sababu ndani ya chumba kimoja cha marubani walikuwamo wafanyakazi watatu, wote wenye ujuzi, na lililowapata laweza kuwapata walimu wa shule, wahudumu wa zahanati au wajumbe wa kamati yoyote: dhana ya mtu mmoja ilipewa nafasi ya ukweli.

Mchana wa siku ile bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege nyingi zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo wenye njia moja tu ya kurukia. Nafasi za pembeni zikajaa, hata ndege zilizotaka kuondoka zikalazimika kutembea juu ya njia ile ile ya kurukia. Kisha ukungu ukashuka. Mnara haukuwa na rada ya kuziona ndege zilizo ardhini. Walioko mnarani hawakuziona ndege, na marubani hawakuonana wao kwa wao. Walichobaki nacho ni redio, yaani maneno matupu.

Rubani mkuu wa ndege ya KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa mkufunzi wa marubani wa ndege hizo katika shirika lake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika hilo. Lakini siku ile alibanwa. Sheria za Uholanzi kuhusu saa za kazi za marubani zilikuwa zimekazwa muda si mrefu kabla, na kuzivunja kulikuwa na adhabu. Kila dakika iliyopita ilimkaribisha kwenye mpaka huo, na ukungu ulitishia kufunga uwanja kabisa. Mtu aliye katika hali hiyo husikia anachotamani kusikia.

Alipofika mwisho wa njia alianza kuzipa injini nguvu. Rubani msaidizi akamkumbusha kwamba ruhusa ilikuwa bado haijatolewa, naye akasimama. Mnara ukatoa maelezo ya njia ya kufuata angani baada ya kuruka. Hayo hayakuwa idhini ya kuruka, ila ndani yake mlikuwamo neno la kuruka, na rubani mkuu akaiachia ndege iende. Safari hii msaidizi hakumzuia. Alikwisha kumsahihisha mkubwa wake mara moja. Kumsahihisha mara ya pili katika dakika chache si jambo jepesi, na msomaji aliyewahi kufanya kazi chini ya bwana mkubwa anaelewa bila kuelezwa.

Mnara ulijibu kwamba wasubiri. Sekunde hiyo hiyo marubani wa Pan Am nao wakatangaza kwamba wangali juu ya njia. Sauti mbili zikagongana redioni, zikawa mlio tu. Hata hivyo, sentensi moja zaidi ilipenya: Pan Am wakiahidi kutoa taarifa watakapokuwa wametoka njiani. Mhandisi wa ndege, Willem Schreuder, aliisikia. Akauliza kama yule Mmarekani hajaondoka. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ameondoka. Mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye ndege zikagongana. Watu wote 248 wa KLM walikufa, na kwa upande wa Pan Am waliokoka 61 kati ya 396.

Tuitazame tena hiyo sekunde ya swali. Mhandisi alikuwa na jambo la hakika: amesikia ahadi ya kutoa taarifa, na taarifa yenyewe hajaisikia. Rubani mkuu alikuwa na dhana, tena dhana iliyozaliwa na haraka. Kama angeulizwa, “Umeona? Umesikia wakisema wametoka?” angelazimika kujibu hapana. Lakini swali lilihusu jibu lake, halikuhusu chanzo cha jibu hilo, na sauti yenye uhakika ikashinda sauti yenye hoja. Wachunguzi wa Hispania walimtupia rubani huyo lawama nyingi. Wale wa Uholanzi walikazia zaidi utata wa maneno na mgongano wa redio. Kwa maoni yetu wote walikuwa na sehemu ya haki.

Baada ya ajali hiyo maneno ya redio yalirekebishwa. Neno la kuruka likatengwa, litumike tu pale idhini ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Tiba ya ndani ya chumba ilichelewa. Tarehe 28 Desemba 1978, karibu na Portland nchini Marekani, ndege ya United ilizunguka angani takriban saa nzima, rubani mkuu akishughulikia magurudumu aliyohofia kwamba hayakukaa sawa. Wasaidizi wake walidokeza habari za mafuta, wakadokeza tena, kwa adabu, na hawakusema waziwazi kwamba yanakwisha. Yakaisha. Watu 10 wakafa. Mwaka 1979 shirika la NASA likawakutanisha wataalamu kulitafakari jambo hilo, na mwaka 1981 United wakaanza kuwafundisha marubani wao namna ya kufanya kazi pamoja: mdogo atamke alichokiona kwa maneno yaliyo wazi, na mkubwa aulize kabla ya kuamua. Wapo marubani wazee waliodhihaki mafunzo hayo. Siku hizi ni lazima karibu kila mahali.

Hatua iliyofuata inatuhusu kwa karibu zaidi. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu katika hospitali za miji minane orodha fupi ya kukagua kabla, wakati na baada ya upasuaji. Pamoja na London, Toronto na New Delhi ilikuwamo Ifakara, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, bonde la Kilombero. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani alitaja jina lake na kazi yake. Kisha wakathibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani na atapasuliwa wapi. Kabla hajatolewa chumbani, muuguzi alitamka kwamba vifaa na shashi vimehesabiwa. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Angalieni jinsi lilivyo jambo dogo. Muuguzi aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari bingwa hupata wepesi wa kutamka na neno la pili.

Kiswahili chetu kina neno la hatari, nalo ni “inasemekana”. Halina mwenyewe. Mkuu wa shule ameitwa wilayani: hilo limeonekana. Kufika saa nne inasemekana shule inafungwa. Kufika mchana walimu wawili hawasemeshani, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyepeleka mashtaka. Tumeketi katika vikao vingi vya kupatanisha, na mara nyingi tulipouliza ni nani aliyeona, chumba kilinyamaza. Wengine watasema kuuliza hivyo mbele ya wakubwa ni utovu wa heshima. Hatukubali. Yule mhandisi hakukosa heshima, na laiti angeuliza mara ya pili. Na wenye vyeo, mapadre tukiwamo, ndio wenye wajibu wa kwanza, maana mdogo hawezi kujipa ruhusa ambayo mkubwa hajaionyesha kwa matendo.

Kamati ya ujenzi ya parokia yetu inakutana Jumamosi hii, na suala la saruji iliyopungua ghalani limekwisha kuzaa majina ya watu. Tumemwomba katibu apige mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja ataandika yaliyoonwa na kuhesabiwa, pamoja na jina la aliyeona. Upande wa pili yanayodhaniwa, na ni nani atakwenda kuyahakikisha kabla ya mwisho wa mwezi. Wajumbe wadogo kwa umri wataanza kusema, na paroko atasema mwishoni.