Muhogo wa Wembley

Kila rafiki yangu anayepata viza ya Uingereza huniuliza swali lile lile: nikifika London nile wapi? Wengi wameshasikia kwamba Waingereza hawajui kupika. Mimi nawajibu kuwa habari hizo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba kwa zaidi ya miaka 200 London imelishwa na watu waliotoka kwingine, na wengi wao wala hawakukaribishwa.

Tuanze na samaki na chipsi, chakula ambacho Mwingereza atakuapia ni chake. Ule ustadi wa kukaanga samaki aliyechovywa kwenye uji wa unga ulifikishwa London na Wayahudi waliotimuliwa Hispania na Ureno. Pai na mkunga (nasema mkunga wa majini, msinielewe vibaya), chakula cha walalahoi wa London, nacho kina mambo yake. Mgahawa maarufu wa Tower Bridge Road uko chini ya jina la Manze tangu mwaka 1902, na Manze ni ukoo wa Kiitaliano.

Mgahawa wa kwanza wa Kihindi unaojulikana jijini humo ulifunguliwa mwaka 1810, karibu na Portman Square. Mwenyewe alikuwa Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna aliyewahi kuwa katika jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India. Aliweka viti vya mianzi, mchuzi wa viungo na hata chumba cha kuvutia buruma. Mwaka 1812 alifilisika. Matajiri aliowalenga walikuwa na wapishi wao majumbani, na kula nje kulikuwa bado hakujawa desturi yao. Jamaa hakukata tamaa. Alihamia Brighton, akafungua hamamu ya mvuke na kukanda watu, akaishia kuwahudumia wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne.

Biashara ile ilikuja kushika kwa watu wa chini zaidi. Mabaharia wa Sylhet, katika Bangladesh ya leo, walikuwa wakichochea makaa kwenye meli za Waingereza. Wengine walitoroka bandarini London wakabaki. Baada ya vita kuu ya pili walinunua vibanda vya chakula vilivyoharibiwa na mabomu, wakaendelea kuuza samaki na chipsi, na mchuzi wa bizari ukiwa pembeni kwa anayetaka. Walevi waliotoka baa usiku wakauzoea. Ukipita Brick Lane ukaona migahawa imepangana, ujue mizizi yake iko kwenye matanuri ya meli.

Lakini mimi, kama unaniuliza mimi, nitakupeleka Wembley, barabara ya Ealing Road. Panda treni ya Piccadilly, shuka Alperton. Ukifungua orodha ya vyakula katika migahawa ya Wagujarati pale utakutana na neno "mogo". Usimuulize mhudumu ni nini. Ni muhogo! Muhogo huu huu wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu, unaouzwa nje ya shule zetu. Neno limetoka pwani yetu, likakatwa silabi moja kinywani mwa Wagujarati, likasafiri nao.

Na safari yenyewe haikuwa ya hiari. Wahindi wengi wa Kenya walibaki na pasi za Uingereza baada ya uhuru. Sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara za mwaka 1967 zilipowabana, wakaanza kuondoka. Serikali ya Harold Wilson ilitishika. Mwezi Februari 1968 ilipeleka bungeni sheria iliyopitishwa kwa siku chache tu: mwenye pasi ya Uingereza hana haki ya kuingia Uingereza, isipokuwa yeye, mzazi au babu yake awe amezaliwa huko au kupata uraia huko. Kwa lugha nyepesi, weupe karibuni, wengine subirini foleni. Nimeisoma sheria hiyo zaidi ya mara moja na bado naiona ya aibu. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kuwa ubaguzi ule ulifikia kiwango cha kuwadhalilisha watu.

Halafu Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza, wengi mikono mitupu. Manispaa ya jiji la Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Kampala kuwaambia wasije kwao. Walikwenda hivyo hivyo.

Sisi nasi tusijifanye hatumo. Waliofukuzwa walifukuzwa na majirani zetu, na wapo waliopiga makofi.

Mwaka 1976 familia ya Maru kutoka Kenya ilifungua Maru's Bhajia House kwenye barabara hiyo ya Ealing Road. Bajia zao si zile za kunde. Ni vipande vyembamba vya kiazi vilivyopakwa unga wa dengu na kukaangwa, vile vile wanavyovijua watu wa Nairobi. Agiza hizo kwanza, kisha muhogo.

Kuku paka, yaani kuku wa tui la nazi (hakuna nyau humo ndani), itabidi umtafute kwingine. Wagujarati wengi wa mtaa ule ni Wahindu wasiokula nyama, na ukimuulizia kuku kwenye mgahawa wao utaonyeshwa mlango kwa adabu.