Jinsi Parki ya Kahuzi Ilivyofika Walikale

Sisi wa Kalembe tumezoea kukaa mpakani. Ukitazama upande wa Masisi waona vilima vya malisho, nyasi na ng'ombe. Ukigeuka upande wa Walikale waona msitu. Vilima vile vya malisho navyo vilikuwa na miti zamani, na leo mwenye kutafuta kuni huko aenda mbali. Basi neno la kulinda msitu wa milimani si neno la wageni peke yao. Latuhusu sisi pia. Lakini mtu akitamka neno “parki” mbele ya watu wa Walikale, wengi wakunja uso. Kwa sababu gani? Tutafute jibu katika historia.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi zisizo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Msitu ulihesabiwa kuwa hauna mwenyewe, kwa kuwa hauna shamba wala nyumba. Mtu aliyetega mitego humo, kama baba yake na babu yake walivyotega, hakuulizwa. Wabelgiji walipoondoka njia ile haikuachwa: sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali. Tuyashike hayo, maana bila hayo yaliyofuata hayaeleweki.

Milima ya Kahuzi na Biega iko magharibi ya Bukavu. Kahuzi una urefu wa meta 3,308, Biega meta 2,790. Mwaka 1937 Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuutenga msitu wa Kahuzi kuwa hifadhi ya miti na wanyama. Tarehe 30 Novemba 1970 ukafanywa parki ya taifa, yenye hekta 60,000. Aliyeisimamia kazi hiyo ni Mbelgiji, Bwana Adrien Deschryver, aliyewazoeza gorila polepole kuonana na watu, mpaka wageni wa nchi za mbali wakaja kumtazama dume mmoja aliyeitwa Kasimir. Batwa, waliokuwa wakiishi katika msitu ule kwa kuwinda na kuokota asali, walitolewa. Walitolewa bila fidia ya haki na bila ardhi nyingine. Kasimir alijulikana Ulaya. Majina ya Batwa wale hayakujulikana hivyo.

Sasa twafika kwenye neno lenyewe. Tarehe 22 Julai 1975 hati nyingine ilitiwa sahihi Kinshasa, na parki ikakuzwa mara kumi: kutoka hekta 60,000 kufika hekta 600,000. Msomaji apime mwenyewe. Hiyo ni kilometa za mraba 6,000, na wilaya nzima ya Masisi haifiki 5,000. Parki ilishuka kutoka milimani, ikaingia msitu wa chini katika Walikale na Shabunda.

Sababu ilikuwa njema, wala hatuipingi. Mlima peke yake ni kama chumba kisicho na nyumba. Gorila na tembo hawali mahali pamoja mwaka mzima, na mnyama aliyezungukwa na mashamba pande zote mwisho wake wajulikana. Wataalamu walitaka msitu wa juu na msitu wa chini vishikamane, na ndiyo maana sehemu mbili za parki ziliunganishwa na ukanda mwembamba katika Nindja. Ilikuwapo na sababu ya pili, kwa maoni yetu. Septemba ya mwaka uleule wakubwa wa umoja wa dunia wa kulinda viumbe walikuwa wakingojewa kukutana Kinshasa, na Rais Mobutu alipenda kuwa na kitu kikubwa cha kuwaonyesha.

Hapa tuseme jambo moja tulilofundishwa seminarini. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, anapoeleza sheria ni nini, ataka mambo manne: iwe ya akili, iwe kwa faida ya wote, itoke kwa mwenye mamlaka, tena itangazwe. La nne si pambo, maana mtu hawezi kufungwa na neno asilolisikia. Hati ya 1975 ilikuwa na la tatu bila shaka, na la pili twaweza kulikubali. La nne lilikosekana. Vijiji vilivyokutwa ndani ya mpaka mpya havikuulizwa, na wengi walikaa miaka bila kujua kwamba wanalima ndani ya parki. Walikuja kujua walipofika watu wa kuweka alama za mpaka. Mzee aliyepanda michikichi yake pale akaambiwa kwamba yeye ndiye mvamizi.

Hivyo sehemu kubwa ile ililindwa kwa wino tu. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika parki katika urithi wa dunia. Mwaka 1997 ikaiweka katika orodha ya mali zilizo hatarini. Vita vilikuwa vimefika. Tembo wa milimani wakaisha karibu wote, gorila wa milimani wakapungua karibu nusu. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda ghafula, wachimbaji waliingia msitu wa chini, na nyama ya kuwalisha ilitoka msituni mulemule. Na nani angewapigia kelele? Wenyeji hawakuwa wamefanywa walinzi, walikuwa wamefanywa wavamizi. Katika ukanda wa Nindja mashamba na ng'ombe vilijaa.

Watu wengine walijaribu njia nyingine, wala si mbali nasi. Mwaka 1998, bami wa Batangi na wa Bamate, upande wa Lubero, walianza wenyewe kutenga msitu wa Tayna, wakiambatana na watu wao. Serikali iliutambua mwaka 2006. Sheria ya Kongo nayo ilibadilika: tangu Februari 2014, hifadhi mpya haiwezi kuundwa kabla watu wa mahali hawajaulizwa. Lakini sheria hiyo haikurudi nyuma kufuta ya 1975.

Kwa Batwa jambo lilikuwa chungu zaidi. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa nguvu. Miti ikakatwa kwa makaa, risasi zikapigwa, na wakafa Batwa na wakafa walinzi. Julai 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: Serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, nayo yapaswa kuwarudishia ardhi zao na kuwalipa fidia.

Wenye misitu nje ya parki wana mlango mwingine. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 yaruhusu jamii ya mahali kuomba msitu wa mababu zao, mpaka hekta 50,000, uwe mikononi mwao daima bila kuulipia bei. Yatakiwa ramani, na hati ya mkutano wa wanajamii wenyewe. Gavana wa Jimbo ndiye mwenye kutia sahihi.