Eti Karatasi Moja?

Nilipomwambia beste yangu nataka kuagiza mchoro wa Black Panther kwenye kongamano la komiki, alicheka. "Ulipe doo hiyo yote, karatasi moja?"

Zii, wasee, turudi nyuma kidogo. Black Panther alitoka 1966, kazi ya Jack Kirby na Stan Lee. Kirby huyohuyo, na Joe Simon, ndio waliotuletea Captain America 1941. Alilipwa kwa ukurasa, basi. Mhusika akabaki wa kampuni, na hata karatasi alizochora kwa mkono wake. Alipozidai miaka ya 1980 ikawa vita. Mwaka 1987 Marvel ikamrudishia kama kurasa 1,900 kati ya maelfu. Maelfu! Mimi ukikaa na chaja yangu siku mbili silali.

Kongamano la kwanza la San Diego lilikuwa 1970, hotelini, watu kama 300 hivi, Kirby akiwa mgeni. Uzuri wa mikutano hii ni ile meza: unamwambia msanii unachotaka, unamlipa yeye mwenyewe, hakuna kampuni katikati.

Kwa hivyo zamu yangu ilipofika sikupunguzisha bei. Nilimuuliza tu jina lake linaandikwaje, nisije nikakosea nikipost.