Hamira Nayo Inakufa kwa Mpango? Historia ya Jeni Inayoua Seli

Juma hili tumechagua historia ya sayansi, na tuna sababu. Tangu mgao wa chakula upunguzwe, kuna maneno tunayasikia kwenye mazungumzo ya jioni: eti hata maumbile yanataka wengine waondoke ili kidogo kilichopo kiwatoshe wanaobaki, maana hata seli zinajiua. Basi tukaona tuifuate habari hiyo mpaka kwenye mzizi.

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliofanya kazi pamoja Aberdeen huko Scotland, walieleza kifo cha seli ambacho si cha ajali. Seli inanywea, inakatika vipande vidogo, halafu seli za jirani zinavimeza bila mwili kuvimba. Wakakiita apoptosisi, kutokana na neno la Kigiriki la majani yanavyodondoka.

Sasa nani anatoa amri ya kudondoka? Jibu lilitoka kwa mnyoo wa urefu wa milimita 1 hivi. Anapokua, mwili wake unatengeneza seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa, zile zile kila mara. Mwaka 1986, huko Marekani, Hilary Ellis na Robert Horvitz walionyesha kwamba jeni mbili, ced-3 na ced-4, zikiharibika, seli hizo hazifi. Mwaka 2002 Horvitz alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Sulston na Sydney Brenner. Huyo Brenner, aliyeanzisha utafiti wa mnyoo huyo, alizaliwa Afrika Kusini kwa wazazi wahamiaji, na baba yake alikuwa fundi viatu.

Mpaka hapo mambo yanaeleweka. Mnyoo ana mwili, seli moja ikifa mwili unafaidika. Lakini hamira je? Ile ile ya mkate na mandazi ni kiumbe cha seli moja. Ikifa imekwisha, hakuna mwili wa kufaidika. Ndiyo maana wataalamu wengi waliamini haiwezi kuwa na mpango wa kufa.

Mwaka 1997, huko Tübingen, Ujerumani, Frank Madeo, Eleonore Fröhlich na Kai-Uwe Fröhlich walitangaza jambo la kushangaza. Walikuwa na hamira yenye hitilafu kwenye jeni moja inayoitwa CDC48. Seli zake zilipokufa, DNA ilikatika vipande, na mafuta fulani ya ndani ya utando wa seli yakatokea upande wa nje. Dalili hizo ndizo zinazoonekana kwenye seli za binadamu zikifa kwa apoptosisi.

Wengi hawakukubali mara moja. Walitaka kuona jeni yenyewe. Bahati nzuri jeni zote za hamira, kama 6,000 hivi, zilikuwa zimeshasomwa mwaka 1996. Mwaka 2002 Madeo na wenzake walionyesha kazi ya jeni moja, YCA1, inayotengeneza kimeng'enya kinachofanana na vile vinavyoua seli kwa wanyama. Wakiiondoa jeni hiyo, hamira inavumilia zaidi sumu ya haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda. Wakiizidisha, seli zinakufa kwa wingi.

Mwaka 2004 likaja jaribio la kikundi hicho kuhusu uzee. Hamira isiyo na YCA1 mwanzoni iliishi vizuri zaidi, lakini ilijaa seli mbovu zilizoshindwa kuota tena. Iliposhindanishwa na hamira ya kawaida kwa muda mrefu, ilishindwa. Tena ilionekana kwamba seli kuukuu zinatoa vitu vinavyozisaidia nyingine kuishi.

Hapa ndipo watu wanaruka haraka na kusema: mnaona, wengine lazima waondoke! Ngoja kwanza. Hamira inazaliana kwa kuchipua, kwa hiyo seli za chupa moja kwa kawaida ni nakala za seli moja, jeni ni zile zile. Ikifa moja, jeni zake zimebaki kwa jirani. Sisi hatuko hivyo. Bibi wa nyumba ya jirani hana nakala. Akiondoka, lugha yake, hadithi zake na mkono wake wa malezi vimeondoka naye.

Pia wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Kimeng'enya cha YCA1 kinakata protini sehemu tofauti na vile vya wanyama, na baadaye ilionekana kwamba kinasaidia pia kusafisha protini zilizoharibika ndani ya seli. Yaani kinaua, lakini pia kinatunza. Mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilichapisha mwongozo wa majina ya vifo vya hamira, ili kila mtu ajue anasema nini anapotumia neno.

Na kuna tofauti nyingine kubwa. Hakuna seli inayoweza kutoka kwenye chupa kwenda kuomba sukari iongezwe. Mgao wa chakula unapangwa na watu mezani, na watu wanaweza kuupanga upya. Kwa hiyo mtu akitumia sayansi kumwambia mzee au mgonjwa kwamba zamu yake imefika, mwulizeni: hamira gani hiyo, na nani alikwambia sisi ni hamira?