ARDHI YA ROSTERMAN: ILIVYOCHUKULIWA, ILIVYORUDI, NA KILICHOBAKI NDANI YAKE



Pamoja na hesabu za fedha na habari za mikutano, tumeona yafaa mwaka huu tuandike habari za ardhi ya Rosterman, karibu na mji wa Kakamega. Wengi wetu twaijua kwa macho. Historia yake, hata hivyo, vijana wengi hawaijui, na pasipo historia hiyo ni vigumu kusema ardhi ile yafaa kwa kazi gani.

Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi ya rizavu itakuwa ya Waafrika hata milele, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa kazi ya umma, kipande kingine cha ukubwa ule ule kitatolewa badala yake. Ahadi hiyo haikutimiza miaka mitatu. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, alipata dhahabu katika wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo ya Kaskazini. Wazungu wakamiminika kwa mamia, maana bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani kote, na wakulima wao wengi walikuwa wamelemewa na madeni. Basi Desemba 1932 sheria ilibadilishwa. Tangu hapo ardhi ya rizavu iliweza kutolewa kwa uchimbaji bila kubadilishwa kwa ardhi nyingine, na bila kulazimika kulishauri kwanza Baraza la Wenyeji. Fedha zilitosha. Jambo hilo lilibishaniwa hata katika Bunge la Uingereza mwaka 1933, lakini sheria haikurudishwa nyuma.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba hata Mfalme Ahabu alimpa Nabothi hiari mbili: shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha. Babu zetu hawakupewa hiari ile ya kwanza.

Twaomba wasomaji waliangalie kwa makini jambo moja katika sheria ile. Ardhi ilisemwa kuwa imetolewa kwa muda tu, na dhahabu ikiisha itawarudia wenyewe. Fidia ilihesabiwa kwa vitu vya juu ya ardhi, yaani mimea, nyumba, na usumbufu wa kuhamishwa. Swali la kwamba ardhi hiyo itarudi katika hali gani halikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Hapo ndipo ilipo shida tuliyorithi.

Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1952, na kwa muda huo ulitoa dhahabu ipatayo wakia 250,000. Katika tani moja ya mawe dhahabu ni gramu chache tu. Maana yake, karibu mawe yote yaliyotolewa chini ya ardhi, yakasagwa yakawa kama unga, hayakwenda ng'ambo pamoja na dhahabu. Yalibaki hapa. Na katika miamba ya Kakamega dhahabu hukaa pamoja na madini yenye aseniki. Mwamba ukiwa chini, sumu hiyo imelala; ukisagwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, huanza kutoka kidogo kidogo na kufuata maji. Baada ya kampuni kuondoka, wachimbaji wadogo waliingia, nao wakatumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, kisha wakaichoma motoni. Moshi wake huingia mapafuni mwa mchomaji na wa jamaa yake, na zebaki iliyomwagika hushuka mtoni.

Yafaa wanachama wajue tofauti ya sumu hizi. Sianidi, iliyotumiwa na migodi mingi ya zamani kuyeyusha dhahabu, yaogopwa sana, lakini ikiwa juani huharibika na kupungua. Aseniki, risasi na zebaki hazifanyi hivyo. Miaka 70 kwao si kitu. Tena kuchemsha maji hakuondoi aseniki. Maji hupungua sufuriani, na sumu hubaki ile ile. Wataalamu waliopima sehemu za Migori, ambako pia kulikuwa na mgodi wa Macalder, walitangaza mwaka 2002 kwamba walikuta risasi, aseniki na zebaki katika mabaki ya migodi na katika matope ya vijito.

Je, ardhi ya namna hii itupwe? Hapana. Ila kwanza ipimwe, na kupima kuna utaratibu wake. Kazi ya kwanza ni kuuliza: kinu kilisimama wapi, mabaki yalimwagwa wapi, maji machafu yalipita wapi. Ya pili ni kuchukua udongo mahali pengi kwa vipimo sawa, wa juu na wa chini, pamoja na maji ya visima, na udongo wa shamba la mbali lisiloguswa na mgodi ili kulinganisha. Ya tatu ni kuvipeleka maabara na kuchora ramani ya matokeo. Ndipo kila kipande kitapewa kazi yake. Penye sumu kidogo panaweza kujengwa ghala au karakana. Penye sumu zaidi pafunikwe kwa udongo safi na kupandwa miti, wala pasilimwe mboga. Mashimo yafunikwe au yazungushiwe ua. Na watoto wasicheze kwenye mchanga wa mabaki.

Kwamba vipimo vina nguvu, tumeona kule Mombasa. Kijiji cha Owino Uhuru kilipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kupata risasi, tangu 2007 hata 2014. Wakazi walilalamika muda mrefu, lakini damu ya watoto ilipopimwa ndipo malalamiko yakawa ushahidi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Safari ilikuwa ndefu, lakini karatasi za maabara hazikuchoka.

Jambo hili si la zamani tu. Makampuni yamerudi kutafuta dhahabu katika Ikolomani. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya kutengeneza ardhi, na yaipa jamii sehemu 10 katika kila 100 ya mrabaha. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuzungumza juu ya mrabaha, wazee watake kuona hati ya dhamana hiyo, na udongo na maji yapimwe kabla jembe la kwanza la mgodi halijagusa ardhi, ili baadaye pasiwe na ubishi juu ya hali yake ya mwanzo.

Kwa habari ya Rosterman, twawaomba wazee wanaokumbuka, au waliosimuliwa na baba zao, mahali pa kinu na pa mabaki, waje kwa karani wa chama yaandikwe. Mashahidi hao hupungua kila mwaka, na ramani ya mpimaji haitakamilika bila wao.

Ni sisi wenu katika utumishi wa chama.